Magogo Yaliyooza

Aune alikuwa na ugonjwa wa usafi, na nusura ugonjwa huo umponze. Wiki nzima mama huyo wa miaka sabini na minane alikuwa akiburuta magogo yaliyooza kutoka kwenye msitu wao huko Kainuu, mkoa wa kaskazini wenye baridi kali, akiyapanga nyuma ya sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke. Mgeni alikuwa anakuja, na mgeni hapokelewi kwenye takataka!

Mgeni mwenyewe alikuwa Riikka, afisa wa hifadhi. Akiukubali msitu, ungelindwa daima. Akiukataa, Aune angetia saini ukatwe. Ndivyo alivyokubaliana na mdogo wake Tauno, mmiliki mwenzake. Kwa Tauno, misonobari ile ilikuwa imeiva, ya nini kuiacha?

"Hata mimi nimeiva," Aune alimwambia asubuhi ile. "Mbona huniletei msumeno?"

"Wewe ushapitiliza, dada."

Riikka alikunywa kahawa, akausifia mkate wa iliki, kisha wakaingia msituni wote watatu. Alitembea na futi yake ya kupimia mkononi, na kila alivyotembea ndivyo alivyozidi kukunja uso.

"Mama Aune, miti iliyoanguka iko wapi?"

"Nimeitoa yote!" Aune alijibu kwa fahari. "Hukuti hata kijiti."

Riikka akaishusha futi. "Mama, hiyo ndiyo niliyokuja kuipima. Wadudu, uyoga, vigong'ota, wote wanaishi kwa mti uliooza. Msitu msafi hivi siwezi kuupitisha."

Aune alijikuta ameketi kwenye kisiki. Hapa alichuma matunda na mama yao tangu ana miaka minne, na sasa ameuangamiza msitu kwa mikono yake, kwa kufagia! Alilia waziwazi. Tauno hakuwahi kumwona akilia hivyo, hata walipomzika mama.

Tauno alikuna kisogo. Angenyamaza tu, angekuwa ameshinda, na mashine za kukatia miti zingeingia ardhi ikishaganda kwa baridi.

"Kuna kule ng'ambo ya kinamasi," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Upande wangu."

Aune aliinua uso. "Kule nilikokutuma utoe miti ya ile dhoruba? Si uliniambia umeitoa? Miaka thelathini sasa!"

"Nilikuwa nakwenda kulala tu huko, dada."

Walivuka kinamasi kwa taabu. Magogo yalikuwa yamelaliana ovyo, mengine yakivunjika ukiyakanyaga, uyoga umeyajaa kama visahani, na vigogo vilivyosimama vimetobolewa na ndege kila mahali. Riikka alipiga magoti, akapima, akaandika, akapima tena. Uso wake ulikunjuka. Sehemu hii ilitosha, alisema, na ingeubeba msitu wote.

"Nani alikuwa anaitunza?"

"Mvivu huyu hapa," Aune alisema. Alimshika Tauno mkono, na hakuuachia. "Asante, mdogo wangu. Kesho tunayarudisha yale magogo ya kwenye sauna."

"Tunayarudisha? Wewe na nani?"