Roshani za Mjomba Biagio

Bibi Filomena alikuwa amelikunjua shuka lake la hariri, lile la harusi yake, na kapu la maua ya waridi lilikuwa tayari mezani. Sanamu ya Mtakatifu Prokolo inapopitishwa mtaani kwao Pozzuoli, Italia, kila nyumba huning'iniza shuka lake bora ukingoni mwa roshani, na wenyewe husimama kwenye roshani hiyo wakimmwagia mtakatifu maua. Lakini leo mjukuu wake, Nunzia, alikuwa ameuziba mlango wa roshani kwa mwili wake.

"Hutoki, Bibi."

"Nipishe, mjukuu wangu. Ngoma hizo zinakuja."

Nunzia hakuwa mtu wa kubishana. Dukani aliweza kurudi na mkate asioutaka kwa kuona haya kusema siyo huo. Ila asubuhi ile, akitoka kanisani, alikuta kipande cha zege kikubwa kama sahani kimeanguka njiani. Alipoinua macho, akaona nondo za roshani yao ziko nje, nyekundu kwa kutu, zimevimba.

Alipowaeleza, Mjomba Biagio, aliyeijenga roshani ile, akacheka.

"Ni ufa mdogo tu huo! Zege langu nililichanganya kwa mchanga wa pwani na maji ya bahari, kama wazee wetu Warumi. Nenda kaone nguzo zao baharini. Miaka elfu mbili mawimbi yanazitandika, nazo zipo tu!"

"Nguzo zile hazina nondo, Mjomba!" Nunzia akasema bila kuuacha mlango. "Wazee walitia chokaa na majivu ya volkano. Mle ndani mna mabonge ya chokaa. Ufa ukitokea, maji yanaingia, yanaiyeyusha chokaa, inauziba ufa. Bahari inaliponya zege lao. Wewe umetia chuma! Chumvi inakila, kinavimba, kinalipasua zege kwa ndani. Umechukua maji ya wazee, ukaiacha akili yao!"

"Mama, unamsikia? Chuoni wamemfundisha kukaripia wakubwa!"

"Basi toka wewe kwanza." Nunzia akaufungua mlango wazi. "Simama pale katikati, urukeruke kidogo. Ukirudi salama, namtoa Bibi mimi mwenyewe."

Biagio akaivuta suti yake ikae sawa. Akapitisha mguu mmoja kizingitini. Kiatu kikagusa vigae, kikatulia hapo bila kubeba uzito. Kisha akaurudisha mguu ndani.

Bibi Filomena alikitazama kile kiatu, halafu akamtazama mwanawe usoni.

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Mama, nilidhani itavuka sikukuu hii..."

"Ulikuwa unajua, Biagio, ukaniacha nibebe maua!"

"Ningesema, na wale je?" Akaelekeza kidevu ng'ambo ya mtaa.

Nunzia akageuka. Roshani tatu, zote kazi ya mjomba, za kiangazi kilekile na mchanga uleule. Zote zilikuwa zimejaa watu. Bi Restituta alikuwa kwenye roshani yake na wajukuu wake wote, wameinamia shuka la bluu.

Akakimbilia dirisha la jikoni, akakipiga kikumbo chungu cha mrehani kikavunjika sakafuni, akapiga kelele ambazo hakuwa amewahi kuzipiga.

"Bi Restituta! Ingieni ndani! Roshani ni mbovu!"

"Ala! Nunzia una sauti?" Bi Restituta akacheka. "Au unamtaka mtakatifu peke yako?"

"Ingizeni watoto, nimesema!" Akarudi, akamkamata mjomba kwa mkono wa suti, akamburuta hadi dirishani. "Waambie. Wewe ndiye watakayemsikia."

Biagio akashika ukingo wa dirisha. Tarumbeta zilikuwa zimekwisha kukata kona. Bibi Filomena akamsukuma mgongoni kwa lile kapu la maua.

"Sema!"

Akasema, kwanza kwa sauti ya mtu anayeungama, kisha ikambidi azishinde tarumbeta. "Tokeni hapo! Nilikosea mimi! Nilitia mchanga wa chumvi! Tokeni!"

Kicheko cha Bi Restituta kikakatika. Akawazoa watoto, akaingia nao ndani. Roshani ya pili ikabaki tupu, na ya tatu, mashuka yakining'inia bila watu nyuma yake.

Mtakatifu akapita. Bibi Filomena alimrushia maua kupitia dirisha la jikoni, konzi baada ya konzi, kama mtu anayerusha mawe, wala hakumtazama mwanawe.