Kikombe Benchi la Tatu

...na sasa kimefika benchi la pili, Micah anakibeba kwa mikono miwili, anafuta ukingo kwa kitambaa, anampa mwingine, na Cheptanui anamtazama mumewe akija kwao polepole na anatamani ajikwae, Mungu amsamehe, ajikwae kidogo tu divai imwagike yote sakafuni watu waende nyumbani, kwa sababu hapa kando yake Wachuka anatetemeka mpaka benchi linatetemeka naye, na aliyemleta ni nani kama si yeye, si yeye aliyekwenda Bondeni leo asubuhi akamgongea mlango, twende dada, siku nyingi huonekani kanisani, watu wataanza kusema, Meza ya Bwana ni ya mwezi ujao, leo tunaimba tu tunarudi... nani angejua mchungaji ataileta Meza mbele, ati mwezi ujao atakuwa Mau Narok, amesema hivi hivi kama mtu anayetangaza kazi ya kufagia, na nyuma kule mlangoni amekaa yule mtu wa kambi ya polisi, koti refu, haimbi, anaangalia tu ni Mkikuyu gani anakunywa na yupi anaacha, maana Nakuru nzima inajua, Mkristo aliyekula kiapo cha wapiganaji wa msituni dhidi ya serikali hathubutu kugusa kikombe hiki. Na Wachuka alikula. Watu wa msituni walimtoa nyumbani wakamlazimisha, panga shingoni, Wanyoike mumewe ameshachukuliwa na lori la serikali, na alimwambia Cheptanui peke yake, siku ile wanafua kitambaa cha Meza, alisema bila kuinua kichwa, wamenilisha kiapo, dada, huu mdomo si wangu tena, na Cheptanui akakamua kitambaa, akakamua tu... wanawake wawili ambao kanisa liliwapanga pamoja kutembelea wagonjwa, Mkipsigis na Mkikuyu, ili nyumba yoyote wakibisha ifunguke, wakizungumza Kiswahili cha kuokoteza, na siku ya kwanza Cheptanui alimpa Wachuka mursik, maziwa yao ya mgando, kutoka kwa kibuyu, Wachuka akaona maziwa ya rangi ya majivu, akafikiri labda hapendwi hapa, lakini akanywa yote, machozi yakimlenga, akasema, "Dada, haya maziwa yenu yaliungua?" wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Uchungu ulioje. Kicheko kile kilienda wapi. Kikombe kimemaliza benchi la pili.

"Gusa na midomo tu," Cheptanui ananong'ona. "Usimeze."

"Siwezi, dada," Wachuka anajibu. "Nimuogope huyo wa nyuma, halafu nimdanganye Mungu?"

...basi asimame atubu mbele ya watu, ndiyo sheria ya kanisa, lakini akitubu leo hatafika nje, watamshika hapo hapo mlangoni, na mwanawe Kahiga bado ananyonya, nani atamnyonyesha Kahiga... na Micah sasa yuko benchi lao, la tatu, yuko mwisho kule, mama wa kwanza anakunywa, Mungu wangu, kitafika kwa Cheptanui kwanza kisha kwa Wachuka, na Cheptanui hajawahi kukiacha kipite, hata siku moja, kikombe hiki ndicho alichopata baada ya baba yake kusema msichana anayekunywa na wageni azikwe na wageni, akafa bila kumsalimu, na kila Meza yeye hunywa akasikia kana kwamba ana baba tena, ni kitu chake, hana kingine... lakini akikiacha yeye? Mke wa mzee wa kanisa, Mkipsigis, ambaye hakuna mtu duniani angemlisha kiapo kile, akikiacha yeye kwanza na Wachuka akafuata, yule wa nyuma ataandika nini, atasema nini, wanawake wawili wamegombana, wana dhambi zao za nyumbani. Watu watasema yeye Cheptanui ana mwanamume wa nje. Wataanza leo leo, hapo nje, wakikunja leso zao. Micah watamnyang'anya kazi ya Meza, na atauliza, Cheptanui, umefanya nini, na hataweza kumwambia, kwa sababu Micah ni mtu mwaminifu, atampelekea mchungaji habari yote kabla ya chai. Na yeye atakaa na neno hilo tumboni mpaka lini. Mama wa pili anakunywa. Anaomba, Bwana, kama ni hukumu nihukumu mimi, na anashangaa kwamba hasikii hofu, ni huzuni tu, kubwa, kama ya mtu anayeaga nyumba yao, na mikono yake aliyokuwa ameitandaza magotini kupokea anaikunja, anaiingiza chini ya leso. Wachuka ameiona. Ameacha kutetemeka. Amebaki mama mmoja, na Micah anafuta ukingo, anainua macho, anamwona mkewe, anamtabasamia kidogo vile humtabasamia kila Meza, akija.