Karafuu kwenye Ufizi wa Siti

Mimi simung'unyi maneno: mpangaji wangu, Mwalimu Devotha, nusura aniulie mjukuu. Miaka hiyo ndiyo kwanza biashara imekuwa ruksa, sukari imerudi madukani hapa Kibiti, naye akaona bora awanyweshe nyuki! Kila asubuhi anaweka barazani kisahani cha maji ya sukari, anadondoshea mafuta ya karafuu, wanafunzi wake wanakuja kutazama.

“Nyuki ananusa kwa vipapasio, Bi Mwanahalima,” aliniambia. “Ubongo wake mdogo kuliko punje ya ufuta, lakini akishapata karafuu na sukari pamoja, anashika. Kesho harufu peke yake inamfanya atoe ulimi.”

“Hata mimi nikinusa pilau,” nikamjibu, tukacheka.

Sasa siku hiyo Siti, mjukuu wangu, anaota meno, analia tangu alfajiri. Mama yake yuko sokoni. Nikampaka mafuta ya karafuu kwenye ufizi, kama tulivyopakwa sote, akatulia, nikamlaza mkekani barazani. Nimekwenda kuepua chungu tu, kurudi, Yarabi! Nyuki wamejaa kidevuni, midomoni, na mmoja anatembea ndani, juu ya ufizi.

Nikanyakua kanga niwapunge.

“Usipunge, Bi!” Devotha alikuwa mlangoni kwake. “Hawajaja kuuma, wanatafuta sukari. Ukiwachokoza, huyo wa ndani akamuuma kooni…” Sukari yake ilikuwa imekwisha, akakimbilia jikoni kwangu.

Nikabaki na mtoto. Siti kaanza kukunja uso, ule uso wa kutaka kulia. Akifumba mdomo tu, basi. Nilitaka kumbembeleza, lakini hata kupumua niliogopa. Huko jikoni nasikia vifuniko vinagongana. Kopo la sukari liko nyuma ya mtungi, nataka kumwambia, naogopa kelele zitawashtua nyuki.

Alikuja na kisahani cha sukari na karafuu, akakisogeza shavuni kwa Siti. Nyuki wakahama mmoja mmoja. Yule wa ndani hana habari. Nikachovya kidole, nikakipeleka mdomoni mwa mtoto, taratibu. Nyuki akatoa ulimi mwembamba kama uzi, akapanda kidoleni kwangu. Nikamtoa nje. Siti akaangua kilio, nami nikaangua changu.

Maneno niliyomtolea Devotha siku ile hayasemeki mbele za watu. Tangu hapo akawa anaweka karafuu bila sukari, mbali kule kwenye mikorosho, mpaka nyuki wakasahau, wakaacha kuja.

Siti sasa ana mtoto wake. Juzi alimleta, na kichupa cha mafuta ya karafuu ampake ufizi; kafungua tu kifuniko, mkono wangu ukawa umeshamziba mtoto mdomo.

“Bibi! Una nini?”

Nikatazama barazani. Hakuna hata nyuki mmoja. Kitoto kinafurukuta chini ya kiganja changu, na mkono siwezi kuutoa.