Taulo Lililochelewa

Katika kibanda cha kinyozi kila mtu alikuwa na ruhusa ya kusema uongo kuhusu ngumi. Ni mtu mmoja tu aliyekatazwa kusema kweli, naye ni fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye watu walikuwa wamemwita Taulo kwa muda mrefu mno, hadi marehemu mama yake siku za mwisho alikuwa akimwita hivyo hivyo bila kukusudia.

Jina hilo hakupewa bure. Msaidizi wa kona akirusha taulo ulingoni, pambano limekwisha na mtu wake ameshindwa. Taulo alilirusha siku ambayo mji mzima ulikuwa ukumbini. Aliyekuwa akipigana ni shemeji yake, mume wa dada yake, bondia waliyemwita Radi. Alikuwa anagombea mkanda na mgeni mmoja mwenye kifua kama kabati, Tingatinga. Radi alikuwa mbele kwa pointi, zimebaki raundi mbili tu, mara kitambaa cheupe kikaruka kutoka kwenye kona yake mwenyewe. Mkanda ukaondoka na mgeni. Tangu siku hiyo watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa wakati ule wamejifunza kumzomea Taulo kabla hawajajifunza kufunga kamba za viatu.

Alasiri moja watu walikuwa wamejaa kwa kinyozi kama kawaida, wenye nywele na wasio nazo.

"Mimi nasema, na mnichukie," kinyozi alianza, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja, "yule bingwa wenu wa uzito wa juu hakuwahi kupigana na mtu mzima wa afya. Alikuwa anaokotewa wazee."

"Na mimi nasema bondia anayekimbia ndiye bondia," akadakia muuza magazeti. "Anayesimama apigwe huyo ni ngoma."

Walicheka, wakatukanana, wakaapa kwa wazazi wao. Kisha mmoja akageuka kwa uchokozi. "Na wewe, Taulo? Bado unasema ulilirusha kwa wakati?"

Taulo alikuwa amekuja kuazima mkasi tu. Angenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini kunyamaza nako kuna mwisho wake.

"Hapana," alisema. "Nililichelewesha."

Mashine ikazimwa. Mteja akabaki na nusu kichwa.

"Ulilichelewesha?"

"Ningelirusha raundi ya nane. Kupigwa ukabaki umesimama si ushujaa, ni kuchelewa kuanguka."

Walimtoa nje kwa makelele, na kabla jua halijazama maneno yake yalikuwa yamefika nyumbani kwa Radi, tena yameongezwa chumvi.

Jambo ambalo hakuwaambia ni hili. Mwisho wa raundi ya nane Radi alirudi kwenye kona, akakaa kwenye kigoda, akamuuliza kwa upole: "Shemeji, mama amekuja?" Mama yake Radi alikuwa kaburini miaka mingi. Taulo alimpaka mafuta kwenye nyusi, akamrudishia kinga ya meno, akamsukuma arudi. Kwa sababu mkanda ulikuwa karibu. Kwa sababu na yeye alikuwa anautaka. Raundi mbili zile alizokaa kimya ndizo zilizomla Radi. Sasa ulimi wa Radi ni mzito, maneno yake yanagongana mdomoni. Anaacha jiko likiwaka na kwenda kulala. Analia redio ikisoma habari za mvua. Nyumbani kwake hali hiyo inaitwa uchovu, na ole wake atakayeiita jina jingine.

Na tangu siku ile Radi hajawahi kusema naye moja kwa moja. Hata wakikaa meza moja msibani, Radi humgeukia mkewe: "Mwambie kaka yako asogeze kiti." Na dada mtu humwambia kaka yake asogeze kiti, kama vile hakusikia.

Dada huyo ndiye aliyekuja kibandani kwa kaka yake siku mbili baadaye, akakaa juu ya rundo la soli kuukuu.

"Cheche anapigana Jumamosi," alisema. Cheche ni mwanawe wa pekee, na mkono wa kushoto wa kijana huyo ulikuwa umeanza kutajwa mitaani. "Baba yake ndiye atakayekaa kwenye kona. Ameapa kona yake haitaingia taulo. Jasho atamfuta kwa shati lake."

Taulo aliendelea kuvuta uzi. "Amekuwa kichaa?"

"Kaka, unaniuliza mimi?" Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mmoja nimeshamuuguza. Wa pili siwezi. Nenda ukakae pale."

"Hatanikubali."

"Atakukubali. Ametoa sharti." Akainamisha kichwa. "Anataka ukasimame kwa kinyozi, mbele ya watu, useme ulikosea. Useme uliogopa."

Taulo aliuweka uzi chini. Mambo mengi alikuwa amenyang'anywa: jina, marafiki, hata nafasi ya kusalimiana na shemeji yake. Ukweli wake alikuwa ameachiwa kwa sababu hakuna aliyeutaka. Sasa na huo unadaiwa. Lakini mjomba ni mjomba. Aliyemshika Cheche mkono siku ya kwanza ya shule ni yeye. Alipiga moyo konde.

Siku ya pili Radi alikaa kwenye kiti cha kinyozi kama hakimu, shuka jeupe shingoni ingawa hakuwa ananyolewa. Watu walijaa hadi barabarani. Taulo alisimama mbele yake, akala matapishi yake.

"Nilikosea," alisema. "Radi alikuwa mzima. Angeshinda. Niliogopa, ni woga wangu uliorusha lile taulo."

Walipiga makofi. Muuza magazeti alipiga mluzi. Radi aliitikia kwa kichwa taratibu, akafumba macho kama mtu aliyekunwa mgongo. Halafu akasema na Taulo kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile, maneno yakikwaruzana: "Utabeba ndoo."

Taulo angeondoka na heri yake, ila alimwona Cheche mlangoni. Kijana alikuwa anang'aa kwa furaha. Maisha yake yote alikuwa na baba aliyeshindwa, na sasa amepewa baba aliyeibiwa. Hilo Taulo hakulipigia hesabu. Alidhani anawadanganya wazee tu.

Jumamosi, kabla ya kutoka nyumbani, alijizungushia taulo tumboni, akavaa shati juu yake. Radi alimpekua ndoo, akaona sifongo, barafu na chupa ya maji, akaridhika.

Mpinzani wa Cheche alikuwa na mikono mirefu na hakuwa na haraka. Raundi mbili za mwanzo Cheche alicheza vizuri, mkono wa kushoto ukasema. Ya tatu mikono mirefu ilimpata sikioni. Ya nne ikampata pale pale tena, na tena, na ukumbi ukapenda kwa sababu kijana haanguki. "Damu ya Radi!" walipiga kelele. Taulo alitazama miguu. Mikono ya bondia hudanganya, uso hudanganya. Miguu ya Cheche ilikuwa inatafuta sakafu.

Kengele ilipolia Cheche alikwenda kwenye kona isiyo yake. Mwamuzi akamshika bega, akamgeuza. Watu walicheka kidogo. Alipokaa, Taulo alimwekea barafu shingoni, akamwinamia na kumuuliza:

"Raundi ya ngapi hii, mjomba?"

"Ya... ya pili."

Taulo alinyanyua uso. "Shemeji, imetosha. Tumtoe."

"Anaendelea," alisema Radi, akimfuta kijana kwa shati lake.

"Hajui hata raundi!"

"Anaendelea!"

Cheche alimkazia mjomba wake macho, jicho moja limeanza kuziba. Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi: "Si ulisema mwenyewe ulikosea?" Akainuka, akaenda.

Hakuna ngumi iliyowahi kumpata Taulo namna hiyo. Aliona mikono mirefu ikimfuata kijana kwenye kamba, akaona kichwa kikirushwa nyuma. Safari hii hakungoja. Alichomoa shati, akalivuta lile taulo, likakwama kwenye mshipi, akalivuta kwa nguvu zote, akarusha.

Lilianguka katikati ya ulingo. Mwamuzi akatanua mikono.

Ukumbi ulivuma. Chupa ya maji ilimpiga Taulo mgongoni. Radi alimshika kola, akamtemea mate, kisha akasimama akihema, akitafuta tusi ambalo ulimi ulikataa kumletea. Kwenye viti vya mbele dada yake Taulo alikuwa amefunika uso kwa mikono. Mumewe alipomtazama aliishusha, akasimama, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma: "Kaka, umetuaibisha! Ungemwacha mtoto amalize!"

Taulo alielewa. Dada yake ndiye atakayelala nyumba ile, si yeye. Lakini kuelewa si dawa, na alitembea hadi kwake akilia barabarani bila kujifuta.

Jumatatu Cheche alikuja kibandani. Jicho lilikuwa jeusi, lakini hatua zilikuwa zimenyooka. Alibeba viatu vya ulingoni ambavyo mjomba wake alimshonea, akavitupa juu ya meza, misumari ikatawanyika. Kwa kinyozi mashine ilizimwa ili watu wasikie.

"Wewe si mjomba wangu," alisema Cheche. "Wewe ni kirusi cha familia. Ulimla baba yangu, ukanisubiri na mimi nikue. Ulimdanganya mama, ulimdanganya baba, ulisimama pale kwa kinyozi Alhamisi ukawadanganya watu wote, na mimi nikakuamini. Nikifa usije kunizika. Ukifa sitakuja."

Taulo alikuwa ameacha kufanya kazi. Aliinamisha kichwa na kutega sikio. Alhamisi, ndiyo, ilikuwa Alhamisi. Kirusi, mama, kinyozi. Hakuna neno lililogonga jingine kama mdomoni mwa Radi.

"Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri sana," alisema Taulo. "Endelea, mjomba."

Cheche akaendelea, kwa haraka zaidi, akimtaja mpaka babu yake aliyezaa mtu kama Taulo. Kwa kinyozi waliangua kicheko. Fundi viatu alibaki ameinama pale pale, moyo umemchanika, akisikiliza kila tusi hadi mwisho wake, na yote yalikuwa yamenyooka.