Sauti Iliyofia Katikati ya Ukumbi

Tulikuwa wawili tu tuliogombea nafasi ya kusafiri na bendi mwaka mzima: mimi na wifi yangu. Yeye alitangulia kuimba, na kiongozi wa bendi, aliyeketi peke yake katikati ya ukumbi, akatabasamu hadi mwisho. Tukanywa chai, kisha ikafika zamu yangu. Niliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Waliokaa pembeni walipiga makofi, lakini kiongozi alikunja uso, akasema sauti yangu haina uzito.

Mimi huyu? Nikiimba huku nafua, majirani hunigongea ukuta.

Nikamkata wifi jicho. Ndiye aliyenikabidhi maiki, tena kwa upole ambao sijauona tangu niolewe na kaka yake. Nikamtaka aimbe kwa maiki ileile, nami nikazunguka ukumbini. Pembeni sauti yake ilijaa tele. Nilipofika kwenye kiti cha kiongozi, ikanywea. Basi maiki haikuwa na kosa, wala wifi, ingawa iliniuma kukubali.

Mume wangu ndiye fundi mitambo wa bendi. Nyumbani hunichosha kwa somo lilelile: spika mbili lazima zisukume pamoja. Nyaya za moja zikipishana, hiyo huvuta huku nyingine inasukuma, na mawimbi ya sauti yakikutana katikati yanamalizana. Ndiyo maana hukagua waya kabla ya kitu kingine chochote, hata kwenye redio ya mama yake.

Nikaenda nyuma ya spika ya kushoto. Waya mwekundu ulikaa mahali pa mweusi, na mweusi mahali pa mwekundu. Wifi alipoimba mara ya kwanza hazikuwa hivyo. Nikakumbuka kikombe cha mume wangu kilichopoa mezani wakati sisi tunakunywa chai. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alikuja mbio na bisibisi, akidai amepitiwa tu. Hasira ilinipanda, na huzuni ikaja juu yake.

"Hukutaka nisafiri?"

Alitazama waya, hakunitazama mimi. "Mwaka mzima, mke wangu. Kweli ungerudi?"

Kumbe wakati mimi namshuku dada yake, yeye alikuwa ananishuku mimi. Nikamnyang'anya bisibisi, nikarudisha waya kwa mkono wangu.

"Asubuhi ningekuapia kwamba nitarudi," nikamwambia. "Sasa sijui."

Nikaenda kumwomba kiongozi aniruhusu niimbe tena.