Birika la Uani

Jaafar alinunua gari Mombasa, na tangu siku hiyo hakuona tena kitu uani kwao Msambweni ila mahali pa kuliegesha. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, ubavu mmoja bluu na wa pili bluu nyingine, lakini alilizungumzia kama bwana harusi. Akaenda kwenye pembe ya ua, pale maji ya masika yanapotuama na vyura wakalia, akapima kwa hatua zake.

"Hapa zege," akasema.

"Hapa vyura," akajibu dada yake, Husna.

Jaafar alicheka mpaka akashika kiuno. "Miaka minne chuo kikuu, unarudi kutetea vyura! Shangazi, umemsikia msomi wetu?"

Shangazi Mwanasha, aliyewalea wote wawili, alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Hakuinua uso. "Nimemsikia yeye, na wewe nimekusikia. Sijui nani kanichosha zaidi."

Husna hakurudi nyuma. Majirani wote walikwisha kusakafia nyua zao, na vyura wa mtaa mzima walikuwa wamebakiwa na pembe ile moja. Alisema atachimba bwawa dogo, la kupendeza, lenye maji safi mwaka mzima.

"Dimbwi," akasema Jaafar. "Lakini haya, nakupa mpaka Idi. Nikirudi kutoka Mombasa nikakuta maji yamekaa na hayana viluwiluwi vya mbu, gari litalala nje. Nikikuta dimbwi, namwaga zege siku hiyo hiyo. Shangazi ndiye shahidi."

"Shahidi wa upuuzi," akasema Shangazi, akaendelea kukuna.

Husna alianzia kwenye karatasi, kama alivyofundishwa. Alichora bwawa lenye viuno, kisiwa katikati na chemchemi ya kurusha maji. Alikaa siku mbili akiandika jua linafika wapi saa ngapi. Shangazi aliichukua karatasi, akaigeuza juu chini.

"Figo la ng'ombe hili."

"Ni umbo la kiasili, Shangazi."

"Asili ya wapi? Ya buchani?"

Husna alichora mstari wa majivu ardhini, akachimba. Urefu wa mkono tu chini ya mchanga alikuta mwamba wa matumbawe, mkali kama meno. Akatandika karatasi ya nailoni nyeusi, akajaza maji ya kisima ndoo kwa ndoo, akalala amechoka lakini ana furaha. Asubuhi shimo lilikuwa kavu. Mwamba ulikuwa umeitoboa nailoni pahala kumi na moja, na yeye aliyahesabu matundu yote, huku Shangazi akimtazama kutoka mlango wa jikoni.

"Mnazi wa jirani unakushukuru," akasema. "Umeshiba usiku kucha."

Husna aliketi ukingoni, machozi yakimlenga. Kama kuna huruma iliyompata Shangazi, aliificha vizuri sana.

"Watu wasioona mbele ya pua zao! Msikiti wa zamani, kabla ya mabomba, watu walitawadhia wapi? Palikuwa na birika pale, maji kutwa kucha. Mlisikia tukiumwa na mbu? Na vile visamaki vya ndani mlidhani vinakula nini, pilau?"

Husna alifuta machozi. "Birika."

"Birika. Hukufundishwa huko, ee?"

Siku ile ile Husna alimpigia simu Jared, mtengeneza bustani wa Ukunda anayesifiwa na mahoteli ya Diani, kijana wa bara mwenye maneno mengi. Akamwambia kwa kituo: anataka birika, la kizamani, la kukaa uani, maji yasitoke. Jared akasema hiyo ni kazi ndogo sana kwake.

Alikuja na pikipiki, mchoro umeviringishwa kwapani kama hati ya serikali. Akaukunjua juu ya jamvi.

"Madam, hii ni dizaini ya kwanza Pwani yote. Cheki vile inakaa!"

Ilikuwa birika la chai. La saruji, refu kuliko mtu, na mkono wake na kifuniko chake, limening'inia hewani na kumwaga maji kwenye kikombe kikubwa kama karai la harusi.

Kisha Shangazi Mwanasha akaangusha nazi.

"Na tangawizi tutatia wapi, baba?"

"Mathe, si mlisema birika?"

"Shikamoo kwanza. Halafu ujue kwamba sisi hapa chai tunakunywa, hatutawadhi nayo!" Alicheka mpaka nazi yote iliyobaki mapajani ikamwagika. Jared naye, masikini, aliuviringisha mchoro polepole na kuuliza kama angalau wangependa kikombe peke yake.

Ndipo Husna alipoikunja karatasi yake ya figo pia. Alimwita Mwero, fundi wa mtaa, wakaliweka shimo pembe nne, wakajenga mawe kuzunguka na kulipiga lipu ya chokaa na saruji. Shangazi alisimamia akiwa kwenye mbuzi yake. "Ukingo inueni, au mnataka mavi ya kuku yaogelee? Upande huu teremsha kidogo, weka mawe. Vyura wako watatagaje, kwenye kina? Samaki watayala mayai yote, msomi." Walipojaza maji, Husna alikimbilia visamaki alivyoleta kutoka mtoni ndani ya dumu.

"Unataka kuviua?" akamzuia Shangazi. "Lipu mbichi ni kali. Yamwage maji hayo, ujaze tena, umwage tena. Mara tatu. Haraka yako na ya kaka yako ni moja."

Idi ikafika. Baada ya swala ya alasiri gari la bluu mbili likaingia uani likikohoa, na nyuma yake ndani ya buti mifuko miwili ya saruji. Jaafar aliamkia, akapokea marahaba, akaenda moja kwa moja pembeni na glasi mkononi. Akachota maji. Akainua glasi juani, akaigeuza na kuigeuza tena. Akachota upande wa pili.

Ndani ya glasi palikuwa na maji tu. Chini yake kisamaki kilipita, na kwenye mawe ya mteremko chura mmoja alimtazama Jaafar bila heshima yoyote.

"Dimbwi lenyewe halijafika hata magotini," akasema mwishowe.

"Dimbwi?" Shangazi Mwanasha alikuja na kata yake ya kifuu, akachuchumaa ukingoni, akachota, akanawa mikono, mara tatu, taratibu. "Dimbwi liko chini ya gari lako, Jaafar. Tazama."

Wakatazama. Chini ya gari, mafuta meusi yalikuwa yanadondoka na kutambaa mchangani.

"Lisukume nje," akasema. "Hapa pana birika."

Husna ndiye aliyemsaidia kusukuma.