Zamu ya Maji ya Rqia

Kijana mwenye barakoa alimkuta Ijja uani, akigeuza waridi zilizokaukia kwenye mkeka. Mwezi wa tano ulikuwa ukingoni, barabara zimefungwa, na mnunuzi wa kiwanda cha marashi hakutokea. Tangu korona imchukue mumewe, yapata siku arobaini, hakuna mgeni aliyebisha mlango ule. Ijja alimtazama kijana kama anayetazama mbuzi wa jirani.

Alijitambulisha kuwa ni Anouar, wa ofisi ya wakulima, amekuja kupima waridi za watakaolipwa fidia ya mavuno yaliyokosa mnunuzi. Fomu yake ilitaka ukubwa wa shamba la waridi, na bonde zima halina shamba la namna hiyo; waridi ni wigo tu, huzunguka vipande vya shayiri. Kwa hiyo ilimbidi ahesabu hatua za kila wigo, mwenye mali akimwonyesha mwisho wake. Ijja alikuwa na vipande vitano, kimoja mbali kule juu. Fidia ingefika dirhamu elfu mbili, unga wa mwaka mzima. Aliisikia hesabu hiyo kama habari za watu wengine.

Kisha akatazama ukutani. Kivuli kilikuwa kinakaribia jiwe jeupe. Kikilifikia, inaanza zamu ya jirani yake Rqia ya kunywesha kipande chake kwa maji ya mfereji wa kijiji: nusu saa, mara moja kila siku kumi na mbili. Rqia alikwama Marrakech alikokwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Kwenye simu aliomba hilo moja tu, zamu yake isipite bure, na Ijja akamwambia atafungua.

Alimwomba kijana amngojee. Anouar akatazama kibali chake cha safari: saa kumi awe ameshavuka kizuizi cha barabarani, nyumba tatu bado, na kesho anapelekwa bonde jingine. Akauliza kama hakuna mwingine wa kufungua maji. Hakuwapo. Bassou, mlinzi wa mfereji, hakuwa akimfungulia mtu yeyote, asije akaambiwa anapendelea.

"Mama, nikiondoka bila kupima, itabidi niandike kwamba mwenye mali hakuwapo. Jina lako litaondolewa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Andika, mwanangu."

Akachukua jembe.

Bassou alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji. Alipomwona akacheka.

"Ijja, umekuja kunywesha miiba ya watu? Mwaka huu hata punda hataki waridi. Wenzako wanapimwa huko."

"Nimemwona mpimaji. Sogea."

Bassou akasogea, kicheko kimemwishia. Ijja akakata tope lililoziba mlango wa kipande cha Rqia, na maji yakaingia yakisukuma majani makavu mbele yake. Gari lilipita barabarani, likapunguza mwendo kidogo, kisha likaenda. Hakuinua kichwa. Alijipapasa moyoni kama mtu atafutaye ufunguo mfukoni, asikute kitu, si majuto wala furaha.

Aliyafuata maji shina kwa shina mpaka kwenye kona ya mwisho, ambako udongo ulikuwa umepasuka. Yakatuama. Akarudi kuziba mlango kwa tope, zamu ilipokwisha, akanawa mikono, akampigia Rqia.

"Yamefika mpaka konani," alisema.